Volyumu 9

Ukitaka kujua mtu wa Bariadi ana umri gani bila kumuuliza mwaka wa kuzaliwa, muulize miksi yake ya kwanza ilikuwa ndani ya nini. Akisema kanda, mwamkie. Akisema CD, huyo ni wa rika langu. Akisema memori kadi, yupo kwenye ishirini na kitu na bado ana matumaini na nchi. Akikuuliza "miksi ndiyo nini?", basi huyo ameletwa na uhamisho wa kikazi, mpokee kwa upole.

Mimi ni wa CD. Niliinunua stendi nikiwa kidato cha pili, mwaka 2006, kwa shilingi 1,000 niliyopewa ya daftari la kuhesabia. Bariadi wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu hatukuijua kama mkoa mpaka 2012. CD yenyewe haikuwa na picha wala orodha ya nyimbo. Iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: jina la DJ na namba ya volyumu. Basi. Ukitaka kujua kilichomo, sikiliza.

Kwa wageni wa jambo hili, miksi siyo mkusanyiko wa nyimbo. Mkusanyiko unaacha kimya kati ya wimbo na wimbo, na kwenye kile kimya mtu anapata nafasi ya kukumbuka kwamba ana madeni. Miksi haina hicho kimya. DJ analinganisha mapigo ya nyimbo mbili, anauleta wa pili chini ya wa kwanza taratibu, kwa sekunde kadhaa unasikia zote mbili zikitembea pamoja kama watu waliokutana njiani, halafu ule wa kwanza unaaga. Hivyo hivyo dakika 70 au 74, kwa sababu CD ya sauti haibebi zaidi ya 80. Anayependa miksi hapendi nyimbo peke yake. Anapenda zile sekunde za kukutana.

DJ wetu, ambaye sitamtaja jina kwa sababu mwenyewe hataki tena kutajwa, alikuwa na kibanda karibu na stendi. Hakuwa na mashine za santuri. Hakuna mtu niliyemjua Bariadi aliyekuwa nazo. Alikuwa na kompyuta moja ya mezani yenye programu ya Virtual DJ, kipanya, maiki ya karaoke, na jenereta dogo kwa siku ambazo umeme uliamua kupumzika. Kwa kipanya tu, bila kugusa sahani hata moja, yule jamaa aliunganisha Bongo Fleva na kwaito, kwaito na genge la Nairobi, genge na mchiriku wa Dar, na mchiriku na nyimbo za waimbaji wa Kisukuma zilizorekodiwa kwenye studio za vichochoroni Mwanza na Shinyanga. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichomfanya awe wetu. Miksi za Dar na Nairobi zilifika, tulizisikiliza na tulizipenda. Ila hakuna DJ wa Dar aliyejua kwamba mwimbaji wa Maswa akianza kuita, biti ya kwaito inaweza kumpokea na isimwangushe.

Wateja wake wakubwa walikuwa madereva na makonda. Hapa nitakaa kidogo, maana sijawahi kuona mahali palipoandikwa namna hii ya kufikiri, na mimi naiona ni akili kubwa.

Alipanga miksi kwa barabara. Gari la kwenda Mwanza linatoka Bariadi alfajiri, watu wana usingizi, mama ana mtoto mgongoni, kuna mgonjwa anapelekwa Bugando. Hakuna anayetaka kelele. Kwa hiyo dakika za mwanzo zilikuwa nyimbo za taratibu, za mapenzi, tena za zamani kidogo. Wakati ule barabara ya kwenda Lamadi ilikuwa bado vumbi na makorongo, gari linaruka, na yeye aliweka pale nyimbo zenye besi nzito ili, kama alivyoniambia, "abiria asijue ni shimo au ni spika." Kufika Lamadi konda anahitaji kujaza viti. Pale ndipo palipokaa vitu vya moto, ili gari lisikike kabla halijaonekana. Baada ya hapo ni lami, ziwa liko mkono wa kulia, watu wanakula samaki na kuanza kupiga stori, na muziki unashuka. Kisesa unapanda tena, kwa sababu mtu hatakiwi kuingia mjini amelegea.

Bila shaka miksi ya dakika 74 haitoshi safari nzima. Ndiyo maana volyumu ziliuzwa mbilimbili, na madereva walijua ipi inafuata ipi. Niliwahi kumsikia abiria mzee kabisa, mwenye fimbo na kofia ya pama, akimgombeza konda kwa kuweka volyumu ya kurudi wakati wa kwenda.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na salamu. DJ alikata sauti ya wimbo nusu, akaingia na maiki yake ya karaoke, akataja watu. Fundi cherehani fulani wa Mwanhuzi. Akina dada wa mgahawa wa Dutwa. Vijana wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Dereva fulani na konda wake. Wengine walilipa buku mbili ili watajwe, wengine walitajwa bure kwa sababu walimpa lifti. Ukitajwa kwenye volyumu, umetajwa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kila gari linapopita, mwaka mzima mpaka volyumu nyingine itoke. Redio ilikuwa inakutaja mara moja halafu inakusahau.

Nilipokwenda kusoma uandishi wa habari SAUT, Nyegezi, nilidhani hii ni tabia yetu ya mabasi. Mwenzangu wa chumbani, Mkenya, alikuwa na laptop iliyojaa miksi za Ulaya, na yeye ndiye aliyenipa historia ya huko. Kwamba Grandmaster Flash alitoa mwaka 1981 rekodi iliyotengenezwa kwa kuunganisha rekodi nyingine, kwa sahani tatu na mikono miwili. Kwamba BBC ilianza mwaka 1993 kipindi cha miksi ya saa mbili kila wiki, na watu wakawa wanakirekodi kwenye kanda na kubadilishana. Kwamba Sasha na John Digweed walitoa mwaka 1994 miksi ya diski tatu, na mwaka uliofuata Coldcut wakatoa ya dakika 70 ambayo mashabiki wengine mpaka leo wanaapa kwamba haijapitwa. Mwaka huohuo, 1995, Berlin ikaanza mfululizo wa DJ-Kicks. Klabu ya fabric ya London ilianza mwaka 2001 kutoa CD za miksi ndani ya vikopo vya bati, na kulikuwa na watu waliolipa ada ili kila mwezi posta iwaletee kikopo. Fikiria hilo: unalipa kabla hujajua DJ ni nani wala amepiga nini. Mfululizo ule ulifungwa mwaka 2018 baada ya kufika namba 100.

Wenzetu wa Afrika Kusini walikuwa na utamaduni huohuo wa CD za haus zilizounganishwa, tena zikiuzwa madukani kihalali. Church Grooves za Oskido na Soul Candi Sessions zilifika mpaka kwetu, zikiwa zimechomwa upya mara nyingi mno.

Mwenzangu alinisikilizisha zile za fabric usiku mmoja umeme umekatika, kwa betri ya laptop. Nilikubali zimepikwa vizuri. Maunganisho yake ni laini, huoni uzi. Lakini nilimwambia kuna kitu kinapungua, na nilipotafuta ni nini nikagundua: hakuna mtu anayetajwa. Akacheka sana. Akasema kwao DJ mwenye maiki ni wa matatu na wa harusi. Nikamwambia, ndugu yangu, na sisi sote ni watu wa matatu na harusi.

Nimekuja kuamini kwamba mapenzi yetu na miksi hayakuanza na kompyuta. Usukumani muziki usiokatika ni wa siku nyingi. Bugobogobo ni ngoma iliyotoka shambani: watu wanalima kwa kundi, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na mpigaji hawezi kusimama kila baada ya dakika tatu ili watu wapige makofi. Akisimama, jembe linasimama, na shamba la mwenyeji halijaisha. Leo wanaicheza jukwaani wakirusha majembe hewani, watalii wanapiga picha, lakini asili yake ni kazi. Mwanazuoni wa Marekani Frank Gunderson alitoa mwaka 2010 kitabu kinene kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, na ukikisoma utaona jinsi zilivyojaa majina ya watu: wa kusifiwa, wa kusutwa, wa kusalimiwa. Ningi, yaani mtunzi na mwongoza wimbo, kazi yake mojawapo ni kutaja. DJ wa stendi alikuwa ningi mwenye kipanya. Hilo nalisema mimi, wasomi wanisamehe.

Na mashindano ya Bagika na Bagalu, yaliyotokana na upinzani wa Ngika na Gumha tangu karne ya 19, yana kanuni ambayo DJ yeyote angeielewa bila kutafsiriwa. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, pembeni kwa pembeni. Watazamaji wako katikati. Ukichoka na huku, unageuka unaenda kule. Mshindi ni yule aliyebaki na watu. Ukienda Bujora pale Kisesa msimu wa Bulabo, mwezi wa sita, utaliona hilo kwa macho: umati unahama kama maji kwenye sinia. Ukimya wa sekunde kumi ni kujimaliza mwenyewe.

Singeli ilipoteka nchi, watu wa Dar waliiona kama kitu kipya kabisa. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, vipande vya taarabu vilivyokatwa na kuzungushwa, MC anayekimbia juu yake bila kuvuta pumzi. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, kisha zikafuata albamu za Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na wengine, na baadaye, mwaka 2022, DJ Travella. Wazungu wakaanza kucheza singeli kwenye matamasha yao. Nimefurahi nao, sina kinyongo. Ila wengi wa hao watayarishaji walianza kwa programu ileile ya Virtual DJ, wakicheza na vipande vya nyimbo za watu. Ni ufundi wa kibandani. Tofauti ni kwamba wao walipata mtu wa kuuhifadhi, akauwekea jina, mwaka na jalada. Kibanda chetu hakikupata.

Ndipo linapoingia suala langu.

Nina kaka, mtoto wa mama mkubwa. Kwetu huyo siyo binamu, ni kaka. Alikuwa konda wa gari la Bariadi–Mwanza kwa miaka mitano hivi, na alifariki mwaka 2013 kwa ajali ya pikipiki, siku ambayo hata hakuwa kazini. Kwenye Volyumu 9 DJ alimtaja. Niliisikia mwenyewe garini nikienda chuo: alitaja jina lake, la baba yake na la ukoo, kisha akasema, "konda asiyekula chenji ya mtu." Abiria waligeuka kumwangalia. Yeye akajifanya anahesabu tiketi.

Picha zake tunazo mbili, zote za kitambulisho, amekaza uso kama anashtakiwa. Sauti yake hatuna. Kilichobaki cha sifa yake, kilichosemwa hadharani na mtu asiye ndugu, ni zile sekunde chache za Volyumu 9. Mwaka juzi mama mkubwa aliniuliza, mimi niliyesomea mambo ya habari, kama naweza kuipata.

Nikaanza na mwenye mali. DJ ameokoka. Sasa anauza vifaa vya umeme wa jua, anavaa shati la mikono mirefu, na ananiita mtumishi ingawa anajua mimi siyo. Alinieleza bila aibu wala majigambo kwamba mwaka 2015 alifuta kila kitu kwenye kompyuta na CD zilizobaki akazichoma moto, kuchoma kwa maana ya kwanza ya neno. "Zilikuwa kelele za dunia," alisema. Sikubishana naye. Nilipotaja jina la kaka yangu alinyamaza, akapanga upya taa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akauliza, "Tisa umeipata?" Nikamwambia bado. Akasema nikiipata nimtumie sehemu za salamu tu, muziki nisimtumie. "Wengi mle hawapo tena."

Kwa hiyo waliobaki ni mashabiki. Na hapa nataka niwasifu watu ambao hakuna anayewasifu. Nilipita kwa vinyozi wa Somanda, kwa wenye vibanda vya kuchaji simu, kwa madereva wastaafu, kwa mjane wa dereva mmoja aliyetunza CD za marehemu kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilikuta Volyumu 4 kwenye simu ya Mchina isiyowaka mpaka uibane kwa raba. Nilikuta ya 6 kwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi ambaye aliniomba nisimwambie mwalimu mkuu. Ya 11 ilikuwa kwenye baa, inapigwa kila Jumamosi, na wahudumu ambao walikuwa hawajaanza darasa la kwanza ilipotoka wanajua kila salamu kwa mpangilio. Wanawasalimia watu wasiowajua.

Kila mmoja alikuwa na nakala ya nakala. CD ilihamishiwa kwenye kompyuta, ikaingizwa kwenye memori kadi kwa shilingi 500, kadi ikahamia kwenye flashi, flashi ikarudi kwenye kompyuta ya kibanda kingine. Dakika moja ya muziki ni kama megabaiti moja kwa ubora wa kawaida wa kibandani, kwa hiyo kadi ya GB 2 ilibeba volyumu zote na picha za harusi juu. Njiani vitu vilipotea. Volyumu 6 niliyoipata haina dakika za mwisho. Nyingine ina mlio wa meseji uliorekodiwa katikati ya wimbo, na sasa mlio huo ni sehemu ya wimbo.

Mdogo wangu wa chuo aliniambia nisijisumbue: nimwandikie orodha ya nyimbo, atanitengenezea pleilisti kwenye Boomplay dakika kumi. Alitengeneza kweli. Nyimbo nyingi zipo, tena kwa sauti safi kuliko niliyowahi kuisikia. Tuliisikiliza pamoja. Kila wimbo ulipoisha, kikaja kile kimya, na mimi masikio yangu yakawa yanasubiri mtu aingie na kusema jina la fundi wa Mwanhuzi.

Lazima niseme na upande wa pili, maana ninaandika kwa ajili ya watu na wanamuziki ni watu. Mwimbaji mmoja wa Kisukuma, ambaye nyimbo zake zimo karibu kila volyumu, alinipokea nyumbani kwake akanikaribisha michembe na maziwa. Nilimwambia jinsi wimbo wake ulivyounganishwa na kwaito. Akasema anaujua, aliusikia kwenye gari akiwa amelipa nauli kamili. Hakupata hata senti moja. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA ipo, na miksi za kibandani hazikuwahi kupita kwenye mlango wowote wa hiyo sheria. "Walinipenda sana," aliniambia, "lakini walinipenda bure." Kisha akaongeza, kwa sababu ni mtu mwadilifu, kwamba watu waliomwita kwenye harusi Meatu na Busega walimjulia kwenye miksi, na ng'ombe wawili aliokuwa nao wakati ule walitokana na harusi hizo.

Nimelizungusha hilo kichwani na sijapata hesabu inayofunga. Miksi ilimwibia na miksi ikamtangaza. Afrika Kusini na London walipata njia ya kulipana, angalau kwa miaka fulani, na kwa sababu ya malipo hayo CD zao zina rekodi, zina namba, zinaweza kutafutwa. Zetu hazina, na ndiyo sababu nazunguka na flashi mfukoni kama mganga. Angekuwa amelipwa, labda leo Volyumu 9 ingekuwa kwenye kabati la mtu na siyo kwenye kopo la maziwa. Au labda isingekuwepo kabisa, maana buku moja la mwanafunzi lisingetosha.

Niliipata kwa yule fundi cherehani wa Mwanhuzi. Nilipaswa kuanza naye. Anatajwa kwenye volyumu zote. Ana kompyuta kuukuu nyuma ya vitambaa, na humo faili limeandikwa VOL 9 FINAL 2, megabaiti 71. Anashonea miksi tangu 2011. Aliniambia suruali moja ni nyimbo tisa, na sare za shule huwa anaziweka kwenye sehemu ya singeli kwa sababu mishono yake imenyooka. Dakika ya 22 kuna mahali CD ya asili ilikuwa na mkwaruzo, wimbo unakwama mara nne halafu unaruka. Nilipokuwa nanakili, fundi alikuwa anashona huku anaimba, na ulipofika pale akakwama naye mara nne, akaruka, akaendelea. Mguu wake kwenye pedeli haukukosea.

Alikataa hela. Alitaka tu nikimwona DJ nimwambie kwamba bado yupo.

Nilipeleka flashi kwa mama mkubwa Jumapili, kule ndani ya Itilima anakolima pamba na dengu. Mwangaluka, mwangaluka, habari za mji, habari za ng'ombe, mpaka salamu zikaisha. Ana redio ya Kichina yenye tundu la flashi, inayotumia sola. Nilikuwa nimejiandaa: kwenye simu nilishakata zile sekunde za kaka peke yake, nikazisafisha, ili asilazimike kusikiliza kwaito. Nikamwambia, mama, sehemu yake ni dakika ya 41, nikuwekee hapohapo?

Akasema, "Hapana, mwanangu. Weka mwanzo."

Akaleta kigoda, akaleta na ungo wa dengu za kuchambua. Nyimbo za mapenzi zikapita. Besi za makorongo zikapita, akakunja uso kidogo. Kwenye mkwaruzo akadhani redio imeharibika, nikamwambia ndivyo ilivyo. Yule mwimbaji wa michembe alipoingia juu ya kwaito, alitikisa kichwa kwa kumfuata, akasema huyo baba yake alikuwa ningi. Dakika ya 38 alishuka kwenye kigoda akakaa chini, karibu na redio, akaacha kuchambua. Mikono aliiweka juu ya dengu. Sikumwambia bado dakika tatu, nilikaa kimya na mimi, tukawa tunasubiri gari lifike Lamadi.